Thamani Uliyoiandika

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo niliifundisha miaka mingi chuoni, nikiwaeleza wanachuo kwamba daftari linalosemwa ni lile la muuza duka. Nilikuwa nimekwisha kustaafu ndipo nilipofahamu kwamba hata fomu ya kifurushi, ile karatasi unayoijaza juu ya kaunta huku watu wakikuhimiza nyuma yako, nayo ni daftari.

Mwaka 2013 akina mama wa kikundi kimoja cha ususi, huku kwetu Njombe, walinijia nyumbani. Baada ya "Kamwene" na chai, walinieleza kwamba wamepata mnunuzi Ujerumani. Alitaka vikapu 40, kila kimoja kwa shilingi 15,000, naye angelipa vikimfikia. Jumla yake ni shilingi 600,000. Walinihitaji mimi kwa sababu fomu zilikuwa za Kiingereza. Mnunuzi alikuwa ameomba jambo moja dogo tu: tuandike thamani ya chini, ili forodha ya kwao isimtoze ushuru mkubwa. Nami nikaona faida upande wetu pia. Ada ya bima ilikuwa shilingi 2 kwa kila 100. Kwa thamani ya kweli tungelipa 12,000; kwa thamani ya 100,000 tungelipa 2,000 tu. Nikaandika 100,000, nikajiona mwerevu. Boksi likapanda basi, likapita Makambako, likafika Dar es Salaam, na baada ya hapo halikuonekana tena.

Ndugu msomaji, tuache kisa hicho kidogo, tutazame bima ilikotoka, kwa maana kosa langu lina historia.

Mfanyabiashara tangu kale amejua kwamba mali ikitoka machoni pake imo hatarini. Katika karne ya 19, misafara ya Pwani ilikwenda bara kwa mkopo. Tippu Tip alichukua bidhaa kwa matajiri wa Unguja, akiwamo Taria Topan, naye angelipa kwa pembe za ndovu akirudi. Msafara ukipotea, na fedha ya mkopeshaji imo hatarini. Kwa hiyo mkopeshaji aliihesabu hatari hiyo katika bei ya mkopo wake. Hiyo haikuwa bima, lakini ilikuwa njia ya kuibeba hatari.

Huko London wafanyabiashara na manahodha walikutana katika mkahawa wa Edward Lloyd, ambao habari zake zinaanzia mwaka 1688. Mwenye mali alileta karatasi iliyotaja chombo na shehena. Kila aliyekubali kubeba sehemu ya hatari alitia sahihi chini ya maandishi hayo na kuandika kiasi chake. Fikiri jambo hili vizuri. Mtia sahihi hakukiona chombo, wala hakuifungua shehena. Alichokuwa nacho ni maneno ya mwenye mali tu. Ndiyo maana Sheria ya Uingereza ya Bima ya Bahari ya mwaka 1906 iliuita mkataba wa bima kuwa mkataba wa nia njema kamili. Katika biashara nyingine mnunuzi hutazama kitu kabla ya kulipa. Katika bima mmoja humwamini mwenzake.

Posta nayo ikafuata. Umoja wa Posta ulizaliwa Bern, Uswisi, mwaka 1874. Mwaka 1878, katika mkutano wa Paris, nchi kadhaa zilikubaliana kupokea barua zenye thamani iliyotangazwa. Mkataba wa vifurushi uliwekwa mwaka 1880, lakini mwanzoni bila kutangaza thamani. Kifurushi chenye bima hubandikwa herufi V, ya neno la Kifaransa lenye maana ya thamani, na zamani kilipigwa mihuri ya lakiri ili mkono wa mwizi uonekane. Kanuni yake kubwa ni nyepesi: fidia haizidi thamani uliyoitangaza. Ukitangaza zaidi ya thamani halisi kwa hila, unajinyima haki. Ukitangaza pungufu, hakuna atakayekukamata, umejihukumu mwenyewe. Wala faida uliyoitarajia hailipwi, wala kitu kilichovunjika kwa sababu ulikifunga vibaya.

Katika bima ya bahari kuna jambo linalowashangaza wengi. Ukikata bima ya nusu ya thamani, na nusu ya mzigo ikaharibika, hulipwi nusu; hulipwa robo. Kwa ile sehemu uliyoificha, unahesabiwa kuwa wewe ndiwe bima yako.

Kwa nini sisi wa Njombe hatukuyajua haya, ilhali mali yetu imekwenda ng'ambo siku nyingi? Kampuni ya miwati ilianza mwaka 1949, na dawa ya ngozi itokanayo na magome ya miti hiyo ikauzwa nje. Chai ya Luponde na Kibena imevuka bahari. Reli ya TAZARA, yenye kilometa 1,860, ilipojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, Makambako ikawa njia panda ya reli, ya barabara kuu ya Zambia, na ya barabara ya kuja Njombe na Songea. Lakini mali hiyo ilisafirishwa na mashirika makubwa yenye makarani wa bima. Mkulima alikabidhi majani mabichi, akapewa stakabadhi, akaenda zake. Hatari ya bahari haikumhusu.

Bima yenyewe nayo ilikaa mbali nasi. Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 likawa peke yake katika kazi hiyo, mpaka sheria ya mwaka 1996 ilipofungua mlango kwa kampuni binafsi. Kwa watu wa rika langu bima ilikuwa kile kikaratasi kwenye kioo cha gari. Kisha ikaja simu ya mkononi, na msusi wa kijijini akawa msafirishaji wa nje kabla hajafundishwa maneno mawili yanayohusu biashara hiyo.

Maneno yenyewe si mageni kwa makarani: FOB na CIF. Katika FOB hatari humhamia mnunuzi mzigo ukishapakiwa melini. Katika CIF muuzaji ndiye hulipia bima kwa manufaa ya mnunuzi, na desturi ni kukata bima ya bei ya mauzo pamoja na nyongeza ya 10 kwa 100. Ama sisi, hatukuwa tumeandika lolote. Mnunuzi angelipa akipokea, hakupokea, hakulipa.

Baada ya miezi minane ililetwa fidia: shilingi 100,000. Waliolipa hawakutudhulumu, walilipa nilichoandika. Kwa kuokoa 10,000 nilikuwa nimepoteza 500,000 za watu wengine. Mama mmoja alikuwa ametegemea fungu lake kwa ada ya mwanawe. Nikaanza kueleza habari za ushuru na za mnunuzi. Mwenyekiti wao akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, kalamu ilikuwa mkononi mwako." Sikuwa na jibu. Fedha niliilipa kidogo kidogo kutoka pensheni yangu, lakini neno lile sijalilipa.

Mwaka uliofuata walipata mnunuzi mwingine, nao, kwa ukarimu wao, walinijia tena. Safari hii tulipiga picha kila kikapu, tukaandika ankara, tukaweka nakala, tukatangaza thamani yote. Mzigo ukafika salama. Mama mmoja akaniuliza kama sasa tutarudishiwa ada ya bima, kwa kuwa hakikuharibika kitu. Nikamwuliza, "Ukichanga kwenye msiba wa jirani, nyumbani kwako hakuna aliyekufa, huenda kudai mchango wako?" Akacheka. Fedha ile imekwenda kwa mtu tusiyemjua, ambaye boksi lake limepotea kama lile la kwetu.

Lakini imemfikia kwa kadiri ya alichoandika mwenyewe siku ile kaunta, wakati boksi bado lilikuwa mikononi mwake na hakuna aliyemwuliza mara ya pili.