Juu ya Kitenzi "Let" cha Kiingereza

Kila mtoto afundishwaye Kiingereza hukutana mapema na kitenzi "let", naye huambiwa ya kuwa maana yake ni kuacha au kuruhusu. Ni kweli. Lakini akiifungua Biblia ya Kiingereza iliyopigwa chapa mwaka 1611, katika Waraka wa Pili kwa Wathesalonike, sura ya 2, mstari wa 7, atalikuta neno lilo hilo mara mbili. Na akilifasiri kama alivyofundishwa atageuza maana yote. Mtume amtaja mmoja azuiaye. Msomaji wetu atamfanya kuwa ndiye aruhusuye.

Kosa si la msomaji, wala si la wafasiri wa zamani. Siku zile Waingereza walikuwa na vitenzi viwili vyenye sauti moja. Hapo kale, kabla ya mwaka 1100 hivi, vilikuwa mbalimbali: "lætan" ni kuacha, na "lettan" ni kuzuia. Baadaye irabu ndefu ya kile cha kwanza ilifupishwa, miisho ikapotea, vikafanana. Hata sisi tunayo maneno ya namna hii: "paa" ni mnyama, tena ni sehemu ya nyumba, tena ni kwenda juu angani, tena ni kuondoa magamba ya samaki. Wala hatukosani, kwa kuwa hapana atakayemtafuta mnyama katika magamba. Lakini kuruhusu na kuzuia husemwa juu ya mtu yule yule, mlangoni pale pale. Hapo sikio halina msaada. Twadhani ndiyo sababu kimoja kilishindwa.

Hicho kilichoshindwa, "lettan", kilizaliwa na "læt", yaani -enye kukawia, neno ambalo leo ni "late". Basi maana yake ya asili ni kumkawisha mtu. Mswahili haoni taabu hapa, maana anayo chelewa na chelewesha. Naye ajua ya kuwa aliyemchelewesha njiani kwa maneno mengi amemzuia, ingawa hakumshika mkono.

Tena liko jambo la ajabu zaidi. Wataalamu wa lugha huvirudisha vyote viwili katika shina moja la kale sana, lenye maana ya kulegeza na kuachilia. Kilatini nacho kina "lassus", yaani aliyechoka, la shina hilo hilo. Alegezaye kamba humwachilia mbuzi. Aliyelegea mwenyewe hubaki nyuma ya wenzake. Basi hawa wapinzani wawili ni wajukuu wa bibi mmoja.

Shakespeare bado alitumia maana ya kuzuia: katika Hamlet, mwana wa mfalme awatisha rafiki zake wamzuiao asiufuate mzuka wa baba yake. Hata Agano Jipya lilipotolewa tena kwa kusahihishwa, mwaka 1881, neno liliondolewa katika mstari ule, likawekwa jingine lisilo na mashaka.

Walakini halikufa kabisa. Kibao chenye neno hili mlangoni pa nyumba ya London chatangaza ya kuwa nyumba yapangishwa. Lakini pasipoti ya Uingereza yaomba mwenye nayo apite pasipo "let", yaani pasipo kizuizi. Na katika tenisi, mpira wa kuanzia ukigusa wavu kisha ukaanguka mahali pake, neno hutajwa ilo hilo, na mchezaji huupiga tena.