Mshipi wa Mama Mwenye Mimba

Simameni asubuhi ya soko kando ya njia iingiayo Butembo. Mtaona akina mama wakipanda kilima, mizigo mgongoni, kamba ikipita juu ya paji la uso. Miongoni mwao wamo wenye mimba. Huyu mmoja ayumba kama bata, mkono kiunoni. Wapita njia humcheka: “Mvivu huyo!” Sivyo. Anaumwa nyonga.

Nyonga ina kiungo kimoja mbele na viwili nyuma. Wakati wa mimba viungo hivyo hulegea, ili mtoto apate njia. Mwaka 1926 mtaalamu wa Marekani, Frederick Hisaw, aliwadunga simbilisi majimaji ya damu ya wanyama wenye mimba, akaona kano za nyonga zao zimelegea. Kitu kilichozilegeza huitwa rilaksini. Basi kulegea si ugonjwa. Lakini kwa akina mama wengine kila hatua, kila kugeuka kitandani, ni maumivu.

Watu wa kale hawakumjua rilaksini, lakini walijua kufunga. Huko Japani mwenye mimba hufungwa kitambaa tumboni mwezi wa tano, siku ya mbwa, kwa kuwa mbwa huzaa bila taabu. Huko Tortosa, Hispania, hutunzwa mshipi ambao mapokeo yasema ni wa Bikira Maria; malkia wa nchi ile waliletewa walipokaribia kujifungua. Na pwani yetu ya Waswahili, mzazi hujifunga kitambaa kiitwacho mkaja. Binti akiposwa, mume huleta zawadi kwa mama mkwe, nayo huitwa mkaja vilevile. Maana yake: tumbo lililomzaa mke wangu lina deni juu yangu.

Je, maumivu haya ni ya matajiri wajidekezao? Waganga wawili wa Sweden, Björklund na Bergström, waliwauliza akina mama wa Ulaya ya kaskazini na wa Zanzibar. Mwaka 2000 walijibu: hapana, maskini huumwa kama tajiri.

Na mshipi wafaa kweli? Mwaka 2006 wataalamu wa Uholanzi walipima, wakaona mshipi ufungwao kuzunguka nyonga hupunguza kuchezacheza kwa viungo. Haufungwi juu ya tumbo kulibana, bali chini yake, kwenye mifupa ya nyonga. Asiye na mshipi wa duka aweza kukunja kikwembe imara. Huvaliwa wakati wa kutembea na kufanya kazi, kisha hufunguliwa. Lakini akitokwa na damu, au uchungu ukija kabla ya wakati, aende hospitali mara moja.

Sasa fikirini. Mama huyu ana mikanda miwili: mmoja nyongani wamsaidia, mwingine pajini wamlemea. Twafaidi nini kuufunga ule wa chini, tukiuacha ule wa juu? Tangu mwaka 2014 wengi wa upande wa Beni wamekimbia vijiji vyao kwa miguu, na wenye mimba wamo. Ninyi akina baba, mkiwa njiani pamoja nao, chukueni mzigo. Kijana, usingoje siku ya mahari kumkumbuka mama. Deni la mkaja hulipwa kwanza kilimani.