Mapesa, Takrima, Vijisenti: Nani Anamlipia Mgombea?

 

Wiki hii hapa hosteli kuna ubishi mkali. Uchaguzi wa serikali ya wanafunzi unakuja, na mgombea mmoja kasimama kwenye vimbweta akasema yeye hatanunulia mtu chipsi wala soda, na mwenye kampuni akitaka kumdhamini asimpigie simu. Nusu ya watu wakapiga makofi, nusu wakacheka. Jamaa mmoja akamaliza kabisa: "Mkono mtupu haulambwi." Nikaona badala ya kubishana niingie maktaba, maana hili swali lina historia ndefu, na kipande kikubwa cha historia hiyo kinapita nyumbani kwetu.

Mimi ni wa Ngulyati. Kwa wasiojua, hiyo ni kata ya wilaya ya Bariadi, ambayo zamani ilikuwa mkoa wa Shinyanga na tangu 2012 iko Simiyu. Watu wetu ni wakulima wa pamba na wafugaji. Halafu, jamani, wilaya hiyo imeipa nchi maneno mawili ya siasa ambayo kila Mtanzania anayajua, na yote mawili ni ya hela: mapesa na vijisenti. Nitayafikia. Kwanza turudi nyuma kidogo.

TANU ilipoanza 1954 haikuwa na tajiri wa kuibeba. Iliishi kwa kadi na michango ya wanachama. Mwalimu Nyerere alipokwenda Umoja wa Mataifa Machi 1955, nauli ilichangwa na watu, na aliporudi akaacha kazi ya ualimu Pugu, maana alitakiwa achague kimoja. Kwetu Kanda ya Ziwa mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu serikali ya mkoloni ilizuia matawi ya TANU tangu mwishoni mwa 1954 hadi 1958. Lakini wakulima wa pamba walikuwa na ushirika wao, Victoria Federation of Co-operative Unions, ulioundwa 1955 na kina Paul Bomani. Kwa hiyo wazee wetu walijifunza mapema kwamba senti za watu wengi zikiwekwa pamoja zinatosha kusimamisha kitu kikubwa.

Sasa njoo 1965, na hapa ndipo niliposhangaa mwenyewe. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja Tanzania Bara. Karibu kila jimbo wagombea wawili, wote wa TANU, mmoja alama ya jembe, mwingine alama ya nyumba. Kampeni ya mtu binafsi ilikatazwa. Chama ndicho kilichopanga mikutano, chama ndicho kilichotoa usafiri, na wagombea wote wawili walipanda jukwaa moja, mbele ya watu wale wale, kila mmoja akapewa muda wake. Kuzungumza kwa lugha ya kabila hakukuruhusiwa, ilikuwa Kiswahili tu. Yaani hata ungekuwa na magunia ya hela, sheria haikukupa pa kuyamwaga.

Matokeo yake? Wabunge wengi waliokuwepo wakaanguka, na mawaziri wawili wakaanguka nao. Mmoja alikuwa Paul Bomani, yule yule wa ushirika wa pamba, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Fedha. Waziri wa Fedha wa nchi, na hela haikumsaidia!

Sisemi turudi chama kimoja, msinielewe vibaya. Majina yalichujwa na Halmashauri Kuu ya TANU kabla hayajamfikia mpiga kura, na asiyekubaliana na chama hakuwa na mlango wa kupitia. Nachosema ni kwamba nchi hii ilishawahi kufanya uchaguzi ambao gharama ya mgombea ilibebwa kwa pamoja, na mpiga kura wa kijijini aliweza kumwangusha mkubwa bila kuhongwa na yeyote.

Miaka miwili baadaye likaja Azimio la Arusha, 1967. Kila mtu anakumbuka mabenki yalitaifishwa, wachache wanakumbuka masharti ya uongozi. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni binafsi, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Ukiyasoma leo unaona yalikuwa yanajibu swali moja tu: huyu kiongozi, nani mwingine anamlipa? Mwaka 1991 kikao cha CCM Zanzibar kikayalegeza masharti hayo. Mwaka uliofuata tukaingia vyama vingi. Tazama mpangilio wake: uzio uliozuia fedha uliondolewa kwanza, halafu ndipo ushindani ukafunguliwa.

Mwalimu aliliona. Mei Mosi 1995, pale Mbeya, aliwauliza watu kuhusu wale wanaotaka kuingia Ikulu kwa fedha. Hoja yake ilikuwa rahisi kama hesabu ya darasa la nne: huyu anayemwaga hela, kazipata wapi, na kama kakopa, atazilipaje akishaingia? Ikulu hakuna biashara ya kumlipia deni. Labda atauza kitu, na kitu chenyewe ni chetu.

Mwaka huo huo ndipo neno la kwanza la Bariadi lilipotikisa nchi. John Cheyo wa UDP aligombea urais akiahidi kujaza watu mapesa mifukoni. Akaitwa Bwana Mapesa, na jina likaganda. Alipata karibu asilimia 4 ya kura mwaka 1995, na zaidi kidogo ya asilimia 4 mwaka 2000. Watu wanamcheka mpaka leo, ila mimi namwona alikuwa mkweli kuliko wengi. Yeye aliahidi mapesa hadharani, jukwaani, kwa kila mtu. Wengine waligawa usiku kwa wachache. Na baadaye, akiwa mbunge wa Bariadi Mashariki, ndiye aliyeongoza Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, kazi ya kuuliza fedha za umma zimekwenda wapi.

Basi bwana, mwaka 2000 Bunge likarekebisha Sheria ya Uchaguzi, kifungu cha 119. Sheria ikasema kwamba ukarimu wa kawaida au wa kimila ambao mgombea anawafanyia wananchi wa jimbo lake kwa nia njema hautahesabiwa kuwa rushwa. Hiyo ndiyo takrima. Pilau, soda, khanga, sukari, vyote vikapata kivuli cha sheria. Mwanasheria Mkuu wa Serikali wakati huo alikuwa Andrew Chenge, mtu wa kwetu, ambaye 2005 akawa mbunge wa Bariadi Magharibi.

Kinachoniuma ni ule utetezi kwamba takrima ni mila yetu. Mila gani? Nyumbani Ngulyati mgeni ndiye anayekirimiwa. Anafika, anapewa kiti, anapewa maji, kuku anakimbizwa. Mgombea anakuja kwetu kutuomba, yeye ndiye mgeni. Hakuna mila ya Kisukuma inayosema mwenye shida ya kuomba ndiye amlishe mwenye nyumba ili asikataliwe. Na angalia kalenda: pamba inauzwa katikati ya mwaka, kura inapigwa Oktoba. Kufikia Oktoba hela ya pamba imeshakwenda ada, madeni na harusi, na mbegu za msimu mpya zinadai. Hapo kilo mbili za sukari zina uzito ambao mtu wa mjini hawezi kuuelewa. Kwa hiyo msimtukane mama aliyeipokea.

Mashirika matatu ya sheria, LHRC, LEAT na NOLA, yakaenda Mahakama Kuu mwaka 2005. Aprili 2006 majaji watatu wakafuta vifungu hivyo vya takrima kwa kuwa vinapingana na Katiba, ibara ya 13 na ya 21. Sababu kubwa ilikuwa usawa: mgombea tajiri na mgombea maskini hawawezi kuwa sawa mbele ya sheria inayoruhusu mmoja kugawa. Kwangu mimi ile ni hukumu ya kujivunia.

Lakini mchezo mkubwa ulikuwa umeshahama kutoka kwenye sukari. Januari 2008 serikali ilitangaza matokeo ya ukaguzi wa akaunti ya EPA pale Benki Kuu: zaidi ya shilingi bilioni 133 zililipwa isivyo halali kwa makampuni 22 mwaka wa fedha 2005/06. Wapinzani walidai sehemu ya fedha hizo ilitumika kwenye kampeni za 2005. CCM ilikana, na mahakamani dai hilo halikuthibitishwa. Miezi michache baadaye, Aprili 2008, Chenge akajiuzulu uwaziri baada ya kuripotiwa kuwa na zaidi ya dola milioni moja kisiwani Jersey wakati wa uchunguzi wa ununuzi wa rada. Yeye akaziita vijisenti. Katika suala la rada hakushtakiwa, na Bariadi ikamchagua tena 2010 na 2015. Hilo ndilo neno la pili la kwetu.

Machi 2010 Rais Kikwete akasaini Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Kwenye karatasi ni nzuri. Inaweka kikomo cha matumizi (mwaka 2015, kwa mbunge, kilikuwa kati ya milioni 33 na milioni 88 kutegemea jimbo), inataka michango mikubwa itajwe, inakataza zawadi tangu kura za maoni. Ila ripoti ya matumizi inapelekwa kwa Msajili wa Vyama baada ya kura. Unajua nani alimlipia mbunge wako wakati keshaapa. Na Msajili mwenyewe anateuliwa na Rais.

Tumeona pia njia mbili za kuchangisha mwaka 2025. Februari CHADEMA walizindua Tone Tone, wakiomba michango midogo ya watu wa kawaida, kabla chama hicho hakijaachwa nje ya uchaguzi wa Oktoba. Agosti CCM wakafanya harambee Mlimani City kwa lengo la shilingi bilioni 100. Sitaki ushabiki hapa. Nauliza tu: aliyetoa elfu moja na aliyetoa bilioni moja, nani atapokelewa simu yake?

Ndiyo maana sikumcheka yule mgombea wa vimbweta, ingawa pia sikumpigia makofi ya bure. Kukataa hela za kampuni ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni yetu. Mwaka 1955 nauli ya Mwalimu ilichangwa. Mwaka 1965 gari la mgombea lilikuwa la wote. Mgombea wa Ngulyati asiyetaka mfadhili bado anahitaji wese la kufika vijiji vyote vya kata, na kama sisi hatuchangii, atalinunua mtu mwingine, na huyo hatoi sadaka. Tunataka sheria inayotaja wachangiaji kabla ya kura, vyombo vya kuisimamia visivyoteuliwa na mshindani, na wapiga kura wanaotoa mia tano badala ya kungoja kupewa elfu mbili.

Bumu limetoka juzi, msiniambie hamna. Yule jamaa karatasi za kampeni zake anachapisha kwa shilingi mia mia. Nimempa elfu mbili. Wewe je?