Uhandisi na Kompyuta: Urithi wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki

Historia ya masomo ya uhandisi na sayansi ya kompyuta katika Afrika Mashariki haieleweki vizuri ikianzia kwenye kompyuta zenyewe, kwa kuwa mizizi yake imo katika mgawanyo wa kazi uliofanywa baina ya Kampala, Nairobi na Dar es Salaam mwaka 1963, pale vyuo vitatu vilipounganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ambacho Mwalimu Julius Nyerere alikuwa Mkuu wake. Makerere, iliyoanzishwa mwaka 1922 kama shule ya ufundi, iliendelea kufundisha udaktari. Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1961 katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, ilishika sheria. Na Nairobi, iliyotokana na Chuo cha Kifalme cha Ufundi kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956, ndiyo iliyobeba uhandisi. Kijana wa Tanganyika au wa Uganda aliyetaka kusomea uhandisi ndani ya kanda, kwa hiyo, alifunga safari ya Nairobi.

Mpango huo ulikuwa na busara ambayo baadaye haikuthaminiwa ipasavyo. Kitivo cha uhandisi hakianzishwi kwa vitabu na mbao za kuandikia tu, bali hudai karakana, mitambo ya kupimia uimara wa zege na chuma, maabara za umeme na mafundi wa kuzitunza, na gharama hizo zilikuwa nzito mno kwa nchi tatu zilizokuwa zikipata uhuru miaka hiyohiyo. Hata hivyo kila serikali ilikuwa na mpango wake wa maendeleo na ilitaka kuamua yenyewe ni wataalamu wangapi wafunzwe na wa fani zipi, jambo ambalo chuo kimoja chenye mabwana watatu kilishindwa kuliridhisha. Mwaka 1970 chuo hicho kilivunjwa, vikazaliwa vyuo vikuu vitatu vya kitaifa. Makerere ilifungua Kitivo cha Teknolojia mwaka huohuo, nayo Dar es Salaam, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, ikafungua Kitivo cha Uhandisi mwaka 1973 katika eneo la Mlimani. Kitivo hicho kilijulikana kwa kuyafanya mafunzo kwa vitendo viwandani kuwa sehemu ya lazima ya shahada, utaratibu uliofaa nchi ambayo, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ilikuwa ikijenga viwanda vya umma na kukosa watu wa kuviendesha.

Kompyuta ilikuwa imekwisha kuingia nchini kwa mlango mwingine kabisa. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ya Tanzania ilipata mashine ya ICT 1500 kutoka Uingereza, na mwaka 1968 ikafuatiwa na ya aina ya ICL 1900, kwa lengo la kuendesha hesabu za serikali. Mashine za zama hizo zilijaza chumba, na kazi zilipangwa kwa mafungu na kusubiri zamu, hivyo kosa dogo katika maandalizi liliweza kugunduliwa baada ya kazi nzima kuharibika. Wataalamu wa kuzisimamia walitoka nje, vipuri vilinunuliwa kwa fedha za kigeni, na mfumo wa hesabu uliotarajiwa kuleta nidhamu ukaleta vurugu, hata hesabu zikarudishwa katika njia za zamani. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, isipokuwa kwa kibali maalumu.

Amri hiyo ilitoka mwaka mmoja tu baada ya Kitivo cha Uhandisi kufunguliwa, na hapa ndipo penye uzito wa habari yote. Hofu ya serikali haikuwa ya bure, kwani fedha zilikuwa zimepotea kweli, lakini kilichokosekana Wizarani hakikuwa mashine, bali Watanzania waliozielewa kiasi cha kuhoji ushauri wa muuzaji. Dawa ya upungufu huo ilikuwa kufundisha, na marufuku iliifanya kazi hiyo kuwa ngumu zaidi mahali palepale ilipohitajika. Nairobi ilianzisha Taasisi ya Sayansi ya Kompyuta mwaka 1977, na Makerere, ingawa nchi yake ilikuwa imepita katika utawala wa Idi Amin na vita vilivyofuata, ikawa na taasisi kama hiyo mwaka 1985.

Tanzania ililegeza marufuku yake ya kuingiza kompyuta katika miaka ya 1990, wakati kompyuta za mezani zilipokuwa zimeshuka bei na kuacha kudai vyumba maalumu. Kituo cha Kompyuta cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndicho kilichosimamia majina ya intaneti yanayoishia na .tz, yaliyoanzishwa mwaka 1995, hadi usimamizi huo ulipohamishiwa kwa chombo cha kitaifa. Masomo yenyewe yalikua katika matawi mawili: sayansi ya kompyuta, inayochunguza kanuni za ukokotoaji na uandishi wa programu, ilitoka upande wa hisabati, ilhali uhandisi wa kompyuta na mawasiliano, unaohusu saketi, vifaa na mitandao, ulitoka upande wa umeme. Baadaye matawi hayo yaliunganishwa katika Ndaki ya TEHAMA, yaani teknolojia ya habari na mawasiliano, iliyoko Kijitonyama. Mwaka 2004 wanasayansi wa kompyuta wa chuo hicho, wakishirikiana na wataalamu wa lugha na kampuni ya Kiswidi, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi yenye maelekezo ya Kiswahili, kazi inayostahili kukumbukwa kuliko inavyokumbukwa. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, nacho kilifuata kufundisha masomo hayo, na kuwasili kwa nyaya za baharini katika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009 kuliongeza kasi ya intaneti.

Wazo la kanda halikufa. Mwaka 2012 bodi za wahandisi za Kenya, Tanzania na Uganda zilitia saini makubaliano ya kutambuana, na mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliitangaza kanda hiyo kuwa eneo moja la elimu ya juu, huku Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lenye makao Kampala likisimamia ulinganifu wa shahada. Makubaliano haya, hata hivyo, yanagusa zaidi vyeti na sifa za wahitimu; ushirikiano katika maabara na mitambo ya gharama kubwa, ambao ndio uliokuwa kiini cha mpango wa mwaka 1963, bado unangoja kupangwa upya.