Mottainai: neno la Kijapani lenye kwao Ihithe

Ukipanda Probox asubuhi pale Nyeri mjini ukielekea Karatina, wa kwanza kuongea si dereva wala makanga. Ni mwanamke wa Kijapani aliye ndani ya dashibodi. Injini ikiwaka tu anaanza, sauti tamu, adabu zote, na hakuna abiria anayejua anasema nini. Kwa miaka nilidhani anatusalimia. Mzee mmoja niliyekaa naye siti ya nyuma aliniapia kwamba anatuombea safari njema.

Nilipoanza kujifunza Kijapani kwa simu ndio nikashtuka. Huwa anasema: kadi ya ETC haijawekwa. Hiyo ni kadi ya kulipia barabara kuu kule Japani. Sisi tumebanana huku nyuma na gunia la kabichi, na yeye bado anangoja kadi!

Wengi mnaonifuata mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Karo iliisha kabla ya masomo. Nikarudi kwa cucu huku Tetu, nikawa na muda mwingi na bando kidogo. Kijapani nilikianza kwa sababu ya anime, sitadanganya. Nikaanza kukusanya misemo kutoka kwa zile orodha za mtandaoni: huku Kijapani, huku maana yake kwa Kiingereza.

Nikagundua kitu. Mara nyingi Kiswahili kinaelewana na Kijapani haraka kuliko Kiingereza. Chukua otsukaresama, ambayo wafanyakazi huambiana kazi ikiisha. Kiingereza huhangaika nayo mstari mzima. Sisi tunasema "pole na kazi" na tumemaliza. Ittekimasu, ambayo mtu husema akitoka nyumbani, ni "naenda nirudi". Shoganai ni "ndio hivyo, tutafanyaje". Wao husema hata vumbi likirundikana huwa mlima, sisi tunasema haba na haba hujaza kibaba. Wao husema chura wa kisimani haijui bahari. Wakikuyu husema asiyetembea hudhani mama yake peke yake ndiye anajua kupika.

Halafu kuna mottainai. Orodha zote zinaliandika kwa ufupi: "hasara tupu!" Neno la kusema mtu akimwaga chakula. Nililipita mara ya kwanza bila kujali. Nilirudi kwake nilipojua ni nani alilipeleka duniani. Ni mama wa hapa hapa. Kutoka kwa cucu mpaka kijiji alikozaliwa, Ihithe, huhitaji hata Probox.

Wangari Maathai alizaliwa Ihithe mwaka 1940. Akasoma shule ya msingi hapo kijijini, akaenda kwa masista wa Mathari, kisha Limuru, kisha Marekani. Mwaka 1977 akaanzisha Green Belt Movement, akina mama wapande miche na kulinda udongo na maji. Oktoba 2004 alikuwa safarini kuja huku Tetu, akiwa mbunge wetu na naibu waziri wa mazingira, simu ikaingia: ameshinda Tuzo ya Amani ya Nobel. Mwanamke wa kwanza Mwafrika kuipata. Akasimama Hoteli ya Outspan, Nyeri, akapiga magoti akapanda mti wa Nandi flame akitazama Mlima Kenya. Hiyo ndiyo ilikuwa sherehe yake ya kwanza.

Miezi minne baadaye alikuwa Japani. Gazeti la Mainichi lilikuwa limemwalika, na tarehe 16 Februari 2005 Mkataba wa Kyoto kuhusu hewa chafu ulikuwa unaanza kufanya kazi. Katika mazungumzo na mkuu wa gazeti hilo, neno mottainai likatajwa. Akauliza maana yake. Akaelezwa. Na hakuliacha tena.

Mwezi uliofuata, Machi 2005, alikuwa New York kwenye kikao cha Umoja wa Mataifa kuhusu hali ya wanawake. Akawafundisha wajumbe neno hilo na kuwafanya walitamke pamoja naye. Fikiria: mama wa Tetu anawafundisha watu wa dunia nzima neno la Kijapani. Mainichi wakaanzisha kampeni kwa jina hilo hilo. Mwaka 2006 waziri wa mazingira wa Japani, Yuriko Koike, akatoa kitambaa cha kufungia mizigo, furoshiki, akakiita furoshiki ya mottainai, watu wapunguze mifuko ya plastiki. Mwaka 2009 Japani ikampa Wangari nishani kubwa ya Jua Linalochomoza. Wajapani wenyewe walikuwa wamezoea mottainai kama neno la bibi anayegombeza watoto mezani. Ilibidi mgeni alibebe kwa mikono miwili ndio waone lina uzito.

Sasa swali langu. Wageni wangapi wamepita Japani na kulisikia neno hilo? Kwa nini likamshika yeye?

Nadhani jibu liko ndani ya neno lenyewe, pale ambapo "hasara tupu" haifiki. Mottai ni neno la zamani lenye asili ya Kibudha, na linahusu kiini cha kitu, heshima yake. Nai ni kutokuwepo. Kwa hiyo anayesema mottainai hahesabu pesa iliyopotea. Anasikitika kwamba kitu kimetendewa kama hakina heshima yake. Ndio maana unaweza kulisema kuhusu punje ya mchele, kuhusu maji, kuhusu muda, hata kuhusu mtu mwenye kipaji kisichotumika. Wangari alipolieleza, alitaja yale mambo matatu ya wanamazingira: punguza, tumia tena, tengeneza upya. Halafu akaongeza la nne, heshima. Hilo la nne ndilo orodha zinaacha.

Na hilo la nne hakulijua Kyoto. Katika kitabu cha maisha yake anasimulia kwamba alipokuwa mtoto, akitumwa kuni, mama yake alimkataza kuokota hata kijiti chini ya mugumo mmoja karibu na nyumbani. Ule ni mti wa Mungu, hautumiwi, haukatwi, hauchomwi. Karibu na mugumo ule palitoka kijito, na yeye alikuwa akicheza hapo na mayai ya vyura akidhani ni shanga. Alipokuwa mtu mzima alikuta mugumo umekatwa na kijito kimekauka. Baadaye, kama mwanasayansi, alielewa kwamba mizizi ya mti kama ule inaingia chini sana na kusaidia maji kupanda. Mama yake hakuwa na maneno hayo ya kisayansi. Alikuwa na heshima tu, na heshima ile ilikuwa imelinda maji.

Kwa hiyo mimi naona hivi: Wajapani hawakumfundisha Wangari kitu kipya. Walimpa jina la kitu alichokijua tangu utotoni Ihithe. Neno la kigeni huingia moyoni pale linapokuta nafasi yake iko tayari.

Ngoja kwanza, nisije nikawafanya mdhani Japani ni mbinguni. Hiyo Probox yenyewe iko hapa kwa nini? Kule gari lazima likaguliwe mara kwa mara, gharama inapanda, mwenye gari anaona bora aliachilie. Wao huendesha upande wa kushoto kama sisi, na sheria yetu inakubali gari lisilozidi miaka minane. Kwa hiyo gari ambalo mwenye neno mottainai amelichoka, msee wa Nyeri analichukua na kulipa maisha mengine marefu kati ya Karatina, Othaya na Mweiga. Neno ni lao, sawa. Lakini anayelitenda kila siku ni fundi wetu wa jua kali aliyelala chini ya hiyo Probox.

Na nyumbani anayelitenda ni cucu. Kasuku ya mafuta ikiisha inakuwa ya maziwa. Ikipasuka inakuwa ya miche. Gunia likitoboka linakuwa zulia la mlangoni. Alikuwa akienda sokoni na kiondo zamani sana kabla serikali haijapiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017. Sisi vijana tulikuwa tunaona aibu. Tuliita ushamba.

Juzi nilimweleza habari ya mottainai. Nilimwambia ni neno la Kijapani la kitu chenye thamani kinachoachwa kipotee. Alikuwa anachambua maharagwe. Akaniuliza, kwa Kikuyu, kama Wajapani hulitumia pia kwa kijana aliyesoma nusu.

Nilinyamaza. Kwa sababu ndiyo, wanalitumia. Na hapa kijijini nimeshasikia lile la "karo ilienda bure" mara nyingi, kutoka kwa watu ambao hawakulipa hata shilingi moja ya karo hiyo.

Nikamwambia ukweli, kwamba linatumika. Akachagua haragwe moja lililokunjamana, akaliweka upande wa mbegu, si upande wa kutupa. Akasema kama kitu bado kiko, hakijapotea. Kimewekwa tu mahali ambapo hakifanyi kazi, basi kisogezwe.

Sijapata tafsiri bora kuliko hiyo kwenye orodha yoyote. Kwa hiyo kabla hujakariri misemo mia ya Kijapani, na ukariri, ni mizuri, mwulize kwanza mtu mmoja mzee wa kwenu anaitaje hiyo hali. Liandike neno lake kabla hajaondoka nalo. Wangari alituacha tarehe 25 Septemba 2011, lakini alikuwa ameshaandika la mama yake. Mimi nimeanza daftari la cucu. Ukurasa wa kwanza una haragwe.