Jembe Mkononi mwa Mtoto

Kabla ya kufikia shauri la uwanja ulio nyuma ya ukumbi wetu, twapenda kuwakumbusha yaliyotangulia, maana jambo hili si geni.

Zamani mtoto alifundishwa kulima na mama yake na bibi yake. Aliwafuata shambani, akaonyeshwa mnavu na mgagani, akajua mboga ipi hupikwa kwa maziwa ili uchungu wake upungue.

Mwaka 1924 ilifika Kenya tume ya Phelps-Stokes, ambayo Dkt. James Aggrey alikuwa mmoja wa wajumbe wake. Tume ilishauri elimu ya Mwafrika ifungamane na maisha ya kijijini, na mwaka 1925 ikafunguliwa Jeanes School huko Kabete. Mwalimu alikwenda huko pamoja na mkewe, wote wawili wakafunzwa, kisha wakarudi kuzisaidia shule za vijijini.

Wazazi wengi walinung'unika, wala sisi hatuwalaumu. Walipeleka watoto wapate kusoma na kuandika, nao wakaona jembe. Tena katika wilaya nyingi Mwafrika alizuiliwa kupanda kahawa. Mlango wa mazao ya biashara haukufunguliwa kwa upana mpaka mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Nani angefurahi mwanawe afundishwe kilimo kisicho na faida? Lililouma zaidi ni kwamba kulima kulifanywa adhabu. Wengi wetu twakumbuka kuwa aliyechelewa shule ndiye aliyepewa jembe. (Na mahindi yale hatukuyaonja; yalikwenda jikoni kwa mwalimu.)

Vyama vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilianza mwaka 1962 na vilijaribu kuiondoa aibu hiyo. Baadaye vilififia, vikafufuliwa mwaka 2021. Katikati, mfumo wa 8-4-4 wa mwaka 1985 ulikitia kilimo katika masomo ya msingi, lakini kwa watoto wengi kikawa jambo la kukariri kwa ajili ya mtihani.

Wakati huo mboga zetu za asili ziliitwa chakula cha maskini. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, amefanya kazi miaka mingi kuzirudishia heshima, akionyesha wingi wa lishe iliyomo.

Sasa twaja kwenye uwanja. Wako wanachama watakao vijengwe vyumba vya kupangisha, na hoja yao ina nguvu, kwa kuwa hazina yetu i haba. Sisi twaomba matuta manne tu kando ya tangi la maji, kwa watoto wa chekechea. Mchicha huvunwa baada ya majuma matatu au manne, muda ambao mtoto wa miaka mitano aweza kuungoja. Twaomba pia bibi wawili wa kuwaongoza, na kwamba kila kinachovunwa kiliwe na waliokipanda. Shauri hili litapigiwa kura katika mkutano mkuu.