Kuhesabu vyumba: namna ramani ya ordinatere ilijifunza kupima shamba, njia na ukanda wa kinga



Leo tuongee juu ya hesabu moja ambayo wengi wetu tunaifanya kwa kubonyeza tu, kiisha tunaiandika kwenye ripoti: hekitari ngapi za msitu, kilometa ngapi mpaka barabarani, mita 100 kutoka mtoni. Jibu linatoka na tarakimu tatu nyuma ya koma, mkubwa wa projee anatia sahihi, mambo inaisha. Lakini namba ile iko na historia. Kuna watu walioamua ihesabiwe vile, na uamuzi wao ungali unafanya kazi kwenye mashamba ya wazazi wetu.

Mbele ya ordinatere, mwenye kutaka kujua ukubwa wa shamba kwenye ramani alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni planimetri. Jakob Amsler, Mswisi, alibuni ya kwake mwaka 1854: mkono unafuata mpaka, gurudumu dogo linahesabu. Ya pili ni ya maskini, njo ile ya karatasi ya miraba: unaiweka juu ya ramani, unahesabu vyumba vilivyo ndani, na vile vilivyokatwa na mpaka unavihesabu nusu. Rasta ni hii njia ya pili iliyopewa mashine. Nchi inagawanywa vyumba vilivyo sawasawa, yaani pikseli, kila kimoja na namba yake. Eneo ni idadi ya vyumba mara ukubwa wa chumba kimoja. Tofauti ni hii: karatasi ilikubali nusu. Rasta ya kawaida haikubali. Chumba ni msitu ao ni shamba, hakuna katikati.

Swali la kwamba kuhesabu vyumba kunakaribia ukweli kwa kiasi gani ni la zamani. Carl Friedrich Gauss, Mjerumani, alilichunguza kwenye duara: chora duara lenye nusu-kipenyo cha vyumba 10, hesabu nukta za miraba zilizo ndani. Utapata 317, wakati eneo la kweli ni 314 na kidogo. Mshike hii 317, tutaikuta tena.

Sasa tuje kwa ordinatere. Wengi wanafikiri SIG ilizaliwa Marekani kwenye maabara ya jeshi. Mwanzo wake unapita karibu na kwetu. Karibu na mwaka 1960, Roger Tomlinson alikuwa anafanya kazi kwa kampuni ya Kanada ya picha za ndege, na kampuni ile ilitafuta huko Kenya fasi nzuri ya kupanda miti. Ilipasa kuweka ramani moja juu ya ingine: mvua, mteremko, udongo, barabara. Kuifanya kwa mkono kungegharimu pesa nyingi kupita kiasi. Wazo la kuipa mashine kazi hiyo lilikua pale, na kiisha Tomlinson akalitumikia serikali ya Kanada, iliyotaka kujua ardhi yake yote inafaa kwa kilimo gani. Kwa hiyo sisi wa agronomia tusijione wageni katika mambo hii. Ilianza kwa swali letu.

Kilichoipa rasta nguvu ni satelite. Landsat ya kwanza ilirushwa mwaka 1972, na pikseli yake ilikuwa karibu mita 80 kwa 80, yaani hekitari 0.64. Miaka kumi nyuma, Landsat 4 ilileta mita 30: mita za mraba 900, hekitari 0.09. Picha zilikuwa za kununua. Kwa wakati fulani moja ilifika dola 600. Mwaka 2008 Marekani ilifungua hazina ile yote bure. Tangu 2015, Sentinel-2 ya Ulaya inatoa mita 10, nayo bure. Njo maana leo mwanafunzi wa Bukavu ao wa Butembo anaweza kupima msitu akiwa amekaa chumbani kwake, kama umeme uko.

Vifaa navyo vilikua. Dana Tomlin, katika tezi yake ya Yale mwaka 1983, alionyesha kwamba ramani zinaweza kujumlishwa na kuzidishwa kama namba za aljebra. Ronald Eastman wa Clark University alitoa programu ya Idrisi mwaka 1987, nafuu kwa shule na nchi maskini. Aliipa jina la al-Idrisi, mwanajiografia Mwislamu aliyemaliza ramani yake ya dunia huko Sisilia mwaka 1154.

Kuhesabu eneo ni rahisi. Umbali njo ulisumbua. Kutoka chumba kimoja kwenda kingine unapita wapi? Tuseme kisima kiko vyumba 3 mashariki na 4 kaskazini. Kwa mstari ulionyooka ni 5. Ukikatazwa kupita kwenye kona, ni 7. Ukiruhusiwa kona na kuihesabu 1.414, ni 5.24. Mwaka 1966 Azriel Rosenfeld na John Pfaltz walionyesha namna ya kujaza umbali kwenye picha nzima kwa kupita mara mbili tu: mara moja kutoka kona ya juu, mara ingine kutoka kona ya chini. Mwaka 1986 Gunilla Borgefors wa Uswidi alieneza hesabu nyepesi: hatua iliyonyooka ihesabiwe 3, ya kona 4, mwishoni ugawanye kwa 3. Jaribuni kwa kisima chetu: kona tatu ni 12, hatua moja ni 3, jumla 15, gawanya kwa 3: inatoka 5 kamili. Si kila mara inatoka vizuri vile, lakini kwa mashine dhaifu za wakati ule ilikuwa neema.

Ukanda wa kinga, ile watu wa parke wanaita zoni tampo, unazaliwa na umbali. Unahesabu umbali wa kila chumba, kiisha unakata: chini ya mita 100 ndani, juu yake inje. Chukua chemchemi moja na ukanda wa mita 100. Eneo la kweli ni hekitari 3.14. Kwa pikseli za mita 30, vyumba 37 vinaingia: hekitari 3.33. Kwa pikseli za mita 10, vinaingia 317, ile ile ya Gauss: hekitari 3.17. Sheria ni moja, chemchemi ni moja, lakini picha mbili zinatofautiana kwa mita za mraba 1,600. Kwenye milima ya Kabare ao Masisi, hiyo ni shamba la mama fulani.

Na urefu wa mpaka je? Mpaka unaokwenda mshazari, rasta inauchora kama ngazi. Ukiupima kwa kufuata kingo za vyumba, unaongezeka mpaka 41 kwa mia, na kupunguza pikseli hakuponyeshi: ngazi zinakuwa ndogo, urefu unabaki ule ule. Usihesabu nguzo ao waya wa fensi kwa njia hiyo, utanunua nyingi za bure.

Kuna mteremko pia. Rasta inaona nchi kutoka juu, kama imelala. Shamba lenye mteremko wa digri 30 lina uso mkubwa zaidi kwa karibu 15 kwa mia kuliko ile ramani inasema. Jembe linapita juu ya uso, halipiti juu ya ramani.

Halafu projeksio. Ramani ya mtandao tunayofungua kila siku inavuta nchi kadiri unavyokwenda mbali na ikweta. Goma kosa la eneo halifiki 1 kwa mia. Lubumbashi linakaribia 5 kwa mia. Ukiacha ramani katika digri, chumba hakina mita kabisa. Ukitumia UTM, kumbuka Beni iko zoni 35 na Bunia zoni 36, haviko mbali na bado havitumii miraba moja.

Juu ya nini ninasumbua watu na vyumba? Juu ya historia yetu. Parke ya Kahuzi-Biega iliundwa 1970 ikiwa na kilometa za mraba 600. Mwaka 1975 ilipanuliwa mpaka 6,000. Mstari ulichorwa kwenye ramani, na ndani ya mstari kulikuwa watu. Batwa waliondolewa katika msitu wa babu zao. Rasta haikuwa chanzo cha mambo ile. Lakini inatufundisha kwamba mstari wa ramani unapofika chini, unakuta nyumba na mihogo. Leo mistari mipya inatoka kwenye ordinatere, na wanaoichora ni sisi.

Kwa hiyo ninaomba kila ripoti yenye jina la mmoja wetu iandike vitu vitatu chini ya namba: pikseli ya ukubwa gani, projeksio gani, na vyumba vya mpakani ni vingapi. Hicho cha tatu ni muhimu kuliko vyote. Kama shamba lina vyumba 6 na vyote viko mpakani, bado halijapimwa. Hapo unachukua dekametre ao GPS, unavaa buti, unaenda kupima pamoja na mwenye shamba, na jirani zake wakiwepo.